Nani Kafungua Folda ya Mzee Bikoni?

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Mzee Bikoni, chini kabisa ya dirisha la sebule yake, pale kwenye kona. Kivuli cha maana hakikuwepo, na jua likipanda ukuta ulichoma mgongo. Mtaa ulikuwa na kona nyingine zenye nafuu, lakini wenye benchi hawakuhama, na aliyewauliza sababu alijibiwa kwamba hapa pana hewa. Siku za kawaida kijiwe kilikuwa kimya kama darasa la mtihani: kila mtu kainamia simu yake, kahawa inapoa mkononi. Asubuhi hii simu zote zilikuwa mifukoni na kila mtu alikuwa na maneno. Wembe, kinyozi wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeliona hilo mapema, akaanza kuwatazama wenzake kwa jicho la pembeni.

Wenzake walikuwa wawili. Kulia kwake alikaa Taarifa, muuza magazeti, ambaye gazeti halisomi lakini anajua kila kilichomo na kisichokuwemo. Kushoto alikaa Dokta, fundi baiskeli, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna ugonjwa wa mtu wala wa mashine ambao haijui dawa yake. Methali alizitumia kama spana, na isiyoingia aliigonga kwa nyundo mpaka iingie.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Mzee Bikoni. Alikuwa mpima viwanja mpaka alipostaafu, na jina lake lilitokana na yale mawe ya zege yanayofukiwa kwenye pembe za kiwanja kuonyesha mpaka. Kwake yeye, ugomvi wote wa dunia ulianza siku mtu wa kwanza alipohamisha bikoni ya jirani yake. Alikaa mwisho wa benchi, akapokea kikombe, akakishika tu.

— Leo mkwe wangu anarudi kwao, akasema.

— Vizuri, akasema Dokta. Wazazi ni wa kutembelewa. Mpe salamu zetu.

— Haendi kutembea. Anarudi.

Kikombe cha Taarifa kikasimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Mkwe huyo, mke wa mwanawe mkubwa aliyekuwa akifanya kazi mbali, aliishi pale na wakwe zake tangu alipoolewa. Chumba cha ndani alikigeuza ofisi: kompyuta, printa, na meza ya kukunjia karatasi. Mtaa mzima ulichapiwa barua na yeye, na mara nyingi alikataa malipo ya wazee. Mzee Bikoni alikuwa akimwita mwanangu hata mbele ya mabinti zake wa kuzaa, nao walishazoea.

Kisa chenyewe akakieleza polepole, kama mtu anayejisomea mashtaka yake mwenyewe. Alikuwa na kiwanja cha urithi, cha kugawana na mdogo wake. Kwa vile kupima ndiyo kazi aliyoijua, alikuwa akichora mgawo kwenye kompyuta, leo hivi, kesho vile, kama mshonaji anavyogeuzageuza kitambaa kabla ya kutia mkasi. Michoro ilikuwa mitatu. Hakumwonyesha mtu, hata mkewe. Aliiweka kwenye folda, akaifunga, akalala. Juzi mdogo wake akaja, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Kumbe mimi umenikatia kipande cha mtaroni," akageuka akaenda zake. Tangu hapo simu ya kaka yake haipokei.

— Na kipande cha mtaroni kiko kwenye mchoro wa pili, akasema Mzee Bikoni. Ule ambao mimi mwenyewe niliukataa. Aliujuaje?

Wembe alijifanya anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Mzee aliendelea. Jana usiku kucha hakupata usingizi, asubuhi na mapema akampigia fundi wa mitandao. Fundi akamwongoza kwa simu, fungua hapa, bonyeza pale, mpaka wakaifikia ile folda. Ilikuwa wazi. Iliachwa wazi zamani ili kompyuta ya sebuleni na ile ya chumba cha ndani zipeane mafaili, na hakuna aliyekumbuka kuifunga. Fundi akasema, kila aliye kwenye mtandao wa nyumbani anaiona folda hiyo kama unavyoiona wewe. Badilisha kwanza paswadi ya waifai, mengine nitakuja kuyatazama. Mzee akaibadilisha pale pale.

— Sasa nyinyi ni watu wazima, akasema. Mtandao wa nyumbani. Nyumbani tuko wangapi? Mimi, mama yenu, na mkwe. Mama yenu kompyuta haigusi, anasema inamtazama. Kabaki nani?

Kwa mpima viwanja hesabu hiyo ilikuwa imenyooka. Kitu kikiitwa cha nyumbani kina mpaka, na mpaka wa nyumba ni ukuta. Isitoshe, mkwe na mke wa mdogo wake walikuwa chanda na pete, hawapitishi siku bila kutembeleana. Asubuhi hiyo mkwe alipoona kompyuta yake haiingii tena kwenye mtandao, alikuja kuuliza paswadi mpya ni ipi. Mzee akamjibu kwamba haimhusu. Mkwe akasema, "Sawa, baba," akaenda chumbani kufungasha. Sehemu hiyo mzee aliisimulia akiangalia chini.

Wembe aliegemea ukuta, kisha akakumbuka ni ukuta wa nani, akajiondoa.

Maana paswadi ya zamani aliijua. Aliijua kama jina la mama yake. Kile kijisanduku cha waifai, ruta wanayoiita mafundi, kilikaa dirishani kwa sababu waya wake uliingilia hapo. Kila mtandao ulipokatika, ilikuwa kazi ya Mzee Bikoni kukizima na kukiwasha, na kumsomea mkwe paswadi iliyobandikwa tumboni mwake. Mkwe yuko chumba cha ndani, mzee yuko dirishani, na masikio ya mzee yalikuwa yameanza kuwa mazito. Mwenye masikio mazito hudhani dunia nzima ni viziwi. "Herufi kubwa K," alikuwa akiita, "halafu saba, halafu tena saba," na mkwe anajibu kutoka ndani, na mzee anarudia ili kuhakikisha. Chini ya dirisha Wembe alikuwa na simu mkononi. Angefanyaje? Hakuvunja mlango wa mtu. Aliandika alichosikia.

Siku zote aliamini kwamba ujanja huo ni wake peke yake.

Na siku moja, akitafuta wimbo aliouhifadhi kwenye simu yake, akaona kitu kigeni: jina la kompyuta, na chini yake folda. Akagusa. Ikafunguka bila hodi. Akaona mchoro, akaona majina, akaona mtaro. Angefunga pale pale yangeisha. Lakini kinyozi ni mtu wa kuzungumza na kichwa cha mtu kwa nusu saa, na ulimi hauna mfupa. Siku mdogo wake Mzee Bikoni alipokuja kunyolewa, akajisifia nyumba atakayojenga, Wembe akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba upande wa mtaroni ajenge msingi wa mawe.

— Mimi nakwambia ni yule fundi, Taarifa akasema ghafla. Si huyu uliyempigia leo, yule aliyekufungia huo mtandao. Hawa watu wakiweka mlango mmoja wanajiachia wa pili.

— Fundi yule alishahama mji, akasema mzee.

— Basi ndiyo hatari yenyewe. Anaingia akiwa huko huko.

Dokta akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa na waganga wengine. Yeye aliishuku printa. Printa, akaeleza, ina kumbukumbu. Kila karatasi iliyopita tumboni mwake inaikumbuka. Na hii ya siku hizi haina hata waya, maneno yanapita hewani. Kitu kinachotema hewani utajuaje kimemtemea nani?

— Mchoro sikuuchapisha, akasema Mzee Bikoni.

— Hata kama. Uliufikiria mbele yake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inahusu nini hapa? akauliza Taarifa.

— Inahusu printa.

Taarifa hakukubali kupitwa. Akaleta televisheni, zile bapa zenye masikio, ambazo mtu akisema anataka viatu zinamtangazia viatu. Je, sebuleni hamna televisheni? Ipo. Je, mzee hakuwahi kusema neno mtaro mbele yake? Mzee akafikiri, akakiri kwamba huwa anajisemea akichora. Taarifa akafungua mikono kuonyesha kesi imekwisha. Lakini Dokta alikuwa bado na ya kwake, na hii akaitoa kwa sauti ya chini. Kompyuta ya mzee ilinunuliwa ikiwa imetumika. Sasa, kompyuta iliyotumika ni kama paka wa kupewa: unailisha, unaipa jina, lakini ikipata nafasi inarudi kwa bwana wake wa kwanza. Haiendi kwa miguu. Inatuma mafaili.

— Na huyo bwana wake wa kwanza anamjuaje mdogo wangu?

— Hapo ndipo penye kazi, akasema Dokta. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Wembe alikuwa akiwasikiliza wote wawili, na kadiri walivyopaa ndivyo wasiwasi wake ulivyobadilika sura. Kwa nini wanahangaika hivi? Taarifa kila asubuhi huwaonyesha magoli ya jana, yanacheza kwenye simu bila kukwama, na siku zote alisema mtandao wa simu yake ni mzuri. Leo hajaonyesha goli. Dokta huwa anaangalia mafunzo ya giya za baiskeli kutoka nchi za mbali, sauti juu, kijiwe kizima kinalalamika. Leo kimya. Wembe akamwangalia mmoja, akamwangalia wa pili. Naye Dokta akamwona anavyoangalia, akageuza uso upesi.

Kisha Dokta akakohoa.

— Hivi mzee, hiyo paswadi mpya, umeweka herufi tupu au na namba? Nauliza kwa usalama wako tu.

— Nimeweka nilivyoweka.

— Maana ile ya zamani ilikuwa nyepesi mno. Saba mbili zinafuatana, mtoto mdogo anaikisia.

Mzee Bikoni akageuza shingo.

— Umejuaje kuna saba mbili?

— Nakisia, akasema Dokta. Watu wengi wanapenda saba.

Taarifa akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Kwa nukta moja Wembe akaona faraja ya kijinga, ile ya mwizi anayekuta wezi wenzake ndani ya nyumba ile ile. Ikapita. Maana wenzake waliiba hewa tu; aliyebeba kitu na kukitoa nje ni yeye.

Mzee alimtazama Dokta kwa muda, lakini macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala, na wazo lililomjia likamponyoka. Akamgeukia Wembe.

— Wewe huna maneno mengi kama hawa. Niambie kweli. Ningekuwa baba yako ungenishauri nini? Nakosea?

Hapo ndipo mlango wa kuungama ulipokuwa wazi kabisa. Angesema neno moja tu. Wembe alifungua mdomo, akaona sura ya mzee, akaona kibanda chake ng'ambo na kioo chake na viti vyake, na watu wa mtaa wakikwepa kuingia kwa mtu asiyeweza kutunza siri. Nani atamkabidhi shingo yake mtu kama huyo?

— Mambo ya ndani ya nyumba ni magumu, mzee, akasema. Wa nje ataona nini?

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alilichukua hilo kuwa ni kukubaliwa.

— Ni kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo methali ilitumika inavyotumika, ikawa mbaya kuliko zote za Dokta.

Ndani kukasikika kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Baadaye mlango ukafunguka, mkwe akachungulia. Alikuwa amejifunga vizuri, amenawa uso, lakini kope zilikuwa zimevimba. Akawaamkia wote, hakuruka mtu.

— Baba, kazi za watu nimezimaliza. Zile za mwalimu ziko kwenye bahasha juu ya meza, na za yule mama wa mirathi ziko chini yake. Wakija msiwarudishe bure.

— Haya, akasema mzee.

— Na dawa yako ya macho nimeisogeza karibu na redio. Kule dirishani jua linaiharibu.

Mkwe akasubiri kidogo, akafunga mlango taratibu. Taarifa alifuta pua. Wembe alitamani benchi limmeze, maana kumwona mtu anaondoka kwa kosa lako huku anakuamkia shikamoo ni adhabu ambayo hakuijua. Alijiambia ngoja gari la kumchukua lije, ngoja kwanza, labda mzee atabadili mawazo. Na huku anajiambia hivyo, alijua kabisa kwamba anasubiri mtu mwingine aseme.

Kahawa ilikuwa imefika kwenye machicha. Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka upande wa kituo cha magari, amevaa sare ya uuguzi na sweta juu yake, mkoba begani, simu mkononi. Hakuwa mtu wa kijiwe. Wembe alikuwa akimwona tu akipita. Akasimama karibu na benchi, akainua simu juu, akaishusha, akasogea hatua mbili kuelekea dirishani, akainua tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta duka lake limefungwa.

— Shikamooni wazee wangu.

Wakaitikia.

— Samahanini kuwakatiza. Mmebadilisha paswadi ya hapa?

Taarifa aliangalia barabara kana kwamba anasubiri ndugu. Dokta alichungulia ndani ya kikombe kisichokuwa na kitu. Mwanamke akadhani hawakumsikia, akasogea.

— Hii waifai ya benchi. Kila siku nikitoka zamu nasimama hapa nampigia mama yangu kwa picha, yuko mbali na anaumwa. Leo naandika ile ile, K kubwa na saba mbili na zinazofuata, inakataa. Au mimi ndiye ninayekosea?

Mzee Bikoni aliweka kikombe chini ya benchi kwa uangalifu mkubwa.

— Hukosei, mwanangu, akasema. Nani alikupa?

— Mwenzangu wa kazini. Yeye alipewa na dereva mmoja anayeegesha hapa. Alituambia kuna mzee huwa anaisoma dirishani, mwenye nyumba mwenyewe, kwa sauti, kila ikikatika. Tukajua ameitoa kwa watu. Akasita, akawatazama mmoja mmoja. — Kwani haikuwa ya watu?

Mzee aligeuka kulitazama dirisha lake. Akalitazama kwa muda, kisha akashuka na ukuta kwa macho mpaka kwenye benchi, jinsi alivyokuwa akikagua mstari wa mpaka enzi zake. Kila aliyekaa pale alihisi macho hayo yakimpita juu. Hakupandisha sauti. Wembe angependa apandishe.

— Kaa hapa, mwanangu, akamwambia yule muuguzi, akampisha nafasi yake. Utampigia mama yako. Nitakupa mpya.

Kisha akabaki amesimama, mikono nyuma.

— Nyinyi sitawauliza ya waifai, akawaambia watatu wale. Nimejitangazia mwenyewe, na hewa haina bikoni. Nitawauliza kimoja tu. Mdogo wangu ananyolewa wapi?

Lilikuwa swali ambalo mtoto yeyote wa mtaa angelijibu. Taarifa alilijua, Dokta alilijua. Safari hii hakuna aliyeleta printa wala televisheni. Wembe alitazama kibanda chake ng'ambo ya barabara. Kiti kilikuwa kitupu, kitambaa cheupe kimetundikwa juu yake. Ndani ya nyumba zipu ya begi ilikuwa ikifungwa, inakwama, inarudishwa, inafungwa tena.

— Kwangu, akasema.

Mzee Bikoni aliitikia kwa kichwa, mara moja. Alikuwa ameshajua. Akashika kitasa cha mlango, lakini hakuusukuma.

— Tangulia wewe, akamwambia Wembe, na sauti yake ilikuwa imepungua. Mimi sijui nitaanzia wapi.

Wembe akainuka, akavua viatu kizingitini, akapiga hodi.